Mabilioni ya tabianchi tunayasikia redioni. Mbona kwetu hayafiki?

*"Mimi ni katibu wa kikundi cha wanakijiji 64. Tunaishi karibu na mahali mto unapoingia baharini. Zamani mvua ilinyesha kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Siku hizi inamwagika yote kwa siku mbili, kisha kimya. Daraja letu la miguu limesombwa mara tatu, na visima viwili vya upande wa bahari vimeanza kuonja chumvi. Redioni tunasikia mabilioni ya dola ya kuwasaidia watu kama sisi. Mwaka jana tuliandaa andiko la mradi la kurasa 40, tukalituma kwa barua pepe kwenye Mfuko wa Kijani wa Tabianchi. Hatujajibiwa mpaka leo. Afisa mmoja alilisoma akasema, 'Huu ni mradi wa maendeleo, si wa tabianchi.' Sasa amejitokeza mtu anayejiita mshauri. Anadai ana njia zake, ila kwanza tumlipe asilimia 10 ya pesa tunazoomba. Je, pesa hizi zipo kweli? Kama zipo, zinapitia wapi? Andiko letu nimeliambatisha."*

Ndugu katibu,

Andiko lenu nimelisoma lote, hadi viambatisho. Kabla sijaenda mbali: huyo mshauri msimpe hata senti. Nitarudi kwake baadaye, lakini nisingependa ufike mwisho wa jibu hili huku mweka hazina ameshatoa pesa.

Nikikuelewa vizuri, linalokuuma si ukimya wa barua pepe peke yake. Mnajiuliza kama mmedanganywa: mabilioni yanatajwa kila mwaka kwa jina lenu, na daraja bado ni magogo mawili. Basi tuanze na hayo mabilioni.

Pesa zipo. Mwaka 2009, mjini Copenhagen, nchi tajiri ziliahidi kwamba ifikapo 2020 zitakuwa zinakusanya dola bilioni 100 kila mwaka kwa ajili ya nchi zinazoendelea. Ahadi ilitimia kwa kuchelewa: kwa hesabu za OECD, jumuiya ya nchi hizo hizo tajiri, kiwango kilivukwa mwaka 2022, zikapatikana dola bilioni 115.9. Sasa zichambue. Sehemu kubwa iliingia kwenye kupunguza hewa ukaa, yaani umeme wa jua, wa upepo, usafiri na kadhalika. Kuhimili, maana yake kuwasaidia watu kuishi na mabadiliko ambayo yameshabisha hodi, kulipata dola bilioni 32.4. Tena, kwa upande wa pesa za umma za mwaka huo, karibu asilimia 70 ilikuwa mikopo. Mkopo wa serikali una mwenyewe: unasainiwa na wizara ya fedha, unalipwa na walipa kodi, na hakuna namna unavyoweza kumfikia katibu wa kikundi kwa barua pepe.

Kwa hiyo ondoeni kwanza ile picha ya sanduku kubwa lililojaa pesa, lenye mlinzi mlangoni asiyetaka kuwafungulia. Hakuna sanduku. Kuna mikataba mamia kwa mamia kati ya serikali, benki za maendeleo na mifuko, na kila mkataba una masharti yake. Taasisi ya utafiti ya IIED ya London ilipitia pesa zilizoidhinishwa na mifuko ya kimataifa ya tabianchi kati ya 2003 na 2016, ikakuta kwamba zilizolenga ngazi ya jamii hazikufika asilimia 10. Manung'uniko yenu yana msingi, na hata wenye mifuko wanayajua.

Sasa kuhusu barua pepe yenu. Mfuko wa Kijani ulianzishwa mwaka 2010 na makao yake yako Songdo, Korea Kusini. Haupokei maombi kutoka kwa vikundi vya jamii. Si kwamba mliandika vibaya. Hata kama andiko lingeandikwa na malaika, lisingekuwa na pa kutua. Mfuko unafanya kazi kupitia taasisi zilizopewa ithibati tu, kama vile mashirika ya Umoja wa Mataifa, benki za maendeleo, na baadhi ya taasisi za kitaifa ambazo zimekaguliwa kwa miaka hadi zikaaminiwa kushika pesa hizo. Juu ya hapo, kila mradi lazima uwe na barua ya kutokuwa na pingamizi kutoka kwa mamlaka ambayo serikali yenu imeiteua kushughulika na mfuko huo. Na vipimo vyao ni vya aina nyingine kabisa: kundi la chini kabisa la ukubwa wa mradi kwao ni la miradi isiyozidi dola milioni 10. Daraja lenu, visima na miche ya mikoko vyote kwa pamoja ni chenji ya hapo.

Utasema hiyo ni dharau. Kwa kiasi fulani nakubali, ila kuna hesabu nyuma yake. Kuukagua mradi, yaani kuhakiki mahesabu, athari kwa mazingira, nani atahamishwa, wanawake wana nafasi gani, nani atatangaza zabuni, kunagharimu karibu sawa uwe mradi wa elfu ishirini au wa milioni mbili. Mfuko wenye watumishi mia chache, unaohudumia dunia nzima, utakimbilia mikubwa. Kinachotakiwa ni mtu wa katikati anayeweza kupokea kikubwa na kukigawa vipande vidogo bila kila kipande kurudi Songdo kukaguliwa. Hapo katikati ndipo penye kazi yenu.

Njia hiyo ilianza kufunguka na Mfuko wa Kuhimili, mdogo wa mifuko hii na, kwa maoni yangu, wenye akili kuliko wote. Ulizaliwa chini ya Itifaki ya Kyoto, mkataba wa kimataifa wa kupunguza hewa ukaa, ukilishwa na tozo ya asilimia 2 ya hati za hewa ukaa iliyopunguzwa, zilizotolewa kwa miradi katika nchi zinazoendelea. Ndio ulioanza kuziruhusu taasisi za nchi husika kupokea pesa moja kwa moja bila kupitia shirika la kimataifa. Ya kwanza kupata ithibati hiyo, mwaka 2010, ilikuwa taasisi ya Senegal ya ufuatiliaji wa ikolojia, ikapata dola milioni 8.6 za kulinda pwani ya Rufisque, Saly na Joal. Baadaye Afrika Kusini ikaenda hatua moja zaidi: taasisi yake ya bioanuwai, SANBI, ilipokea dola milioni 2.4 hivi si kwa kutekeleza mradi wake, bali kwa kuzigawa kama ruzuku ndogo kwa vikundi vya wilaya za Mopani na Namakwa. Namibia ilifanya jambo kama hilo kwa dola milioni 10 za Mfuko wa Kijani, zikaelekezwa kwenye hifadhi za jamii na misitu ya jamii. Kwa hiyo swali lenu la kwanza lisiwe "tuandike vipi kwa Songdo?" Liwe hili: nchini kwetu nani ana ithibati, na ana dirisha la ruzuku ndogo au hana?

Hata hivyo, dirisha la ruzuku nalo ni la kubahatisha. Likifunguliwa mnagombania, likifungwa mnasubiri. Ninachokiamini zaidi, na ninakuambia wazi kwamba huu ni upande wangu, ni pesa inayopita kwenye bajeti ya serikali ya mtaa. Inachosha, ina vikao visivyoisha, lakini inarudi kila mwaka.

Chukua Kenya. Kaunti ya Isiolo ilianza kujaribu mfuko wa tabianchi wa kaunti, kisha Wajir, Garissa, Kitui na Makueni zikafuata. Wakazi wa kila wadi walichagua kamati yao, na kamati hiyo ndiyo iliyoamua pesa ziende kwenye lambo, kisima au kulinda malisho ya kiangazi. Asilimia 70 ya fedha za miradi ziliwekwa kando kwa ajili ya wadi. Ngazi ya kaunti ikabaki na sehemu ndogo. Kipande ninachokipenda ni hiki: kamati ya juu iliruhusiwa kuuimarisha mradi wa wadi kiufundi, lakini haikuwa na mamlaka ya kuutupa kwa sababu tu wakubwa wana mradi mwingine wanaoupenda. Anayefahamu jinsi vipaumbele vya wananchi vinavyopotea njiani, kutoka kikao cha kijiji hadi kitabu cha bajeti, ataona uzito wa sentensi hiyo moja ndani ya kanuni. Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 150 kuupeleka mtindo huo kwenye kaunti zote 47, kwa sharti kwamba kaunti itunge sheria, iunde kamati na itenge sehemu ya bajeti yake yenyewe. Na ndiyo, hizo ni fedha za mkopo. Kenya itazilipa.

Kwingine kuna LoCAL, utaratibu wa UNCDF, mfuko wa Umoja wa Mataifa wa mitaji ya maendeleo, ulioanza 2011 huko Bhutan na Kambodia. Wao wanaongeza ruzuku juu ya bajeti ya kawaida ya serikali ya mtaa, na mwaka unaofuata kiasi kinapanda au kushuka kulingana na jinsi mtaa ulivyotumia na kuhesabu pesa za kwanza. Ufilipino ilitunga sheria mwaka 2012 ya mfuko unaopaswa kuwekewa angalau peso bilioni 1, na serikali za mitaa pamoja na vikundi vya jamii vilivyothibitishwa vinaruhusiwa kuomba. Miaka ya mwanzo pesa zilitoka kwa mwendo wa kinyonga, maana mitaa mingi maskini haikuwa na mtu wa kuandaa maombi yenye takwimu zilizotakiwa. Mfuko ulikuwepo, sheria ilikuwepo, fomu ndiyo iliyowashinda. Hilo linanileta kwa yule afisa wenu.

"Huu ni mradi wa maendeleo, si wa tabianchi." Sentensi hii nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba ingefaa ipigiwe muhuri wake. Ina ukweli nusu. Ukweli ni kwamba fedha za kuhimili zinatolewa kwa hoja maalumu: kuna kitu kimebadilika, kitu hicho kinaongeza madhara, na mradi huu unapunguza madhara hayo. Kama kijiji hakijawahi kuwa na daraja tangu babu na babu, mfuko utauliza kwa nini pengo la miaka 50 ya kutojengewa lijazwe na pesa za tabianchi. Upande usio wa kweli ni kule kudhani kwamba kuna ukuta kati ya mambo haya mawili. Kisima ni kisima. Anayekunywa hajui ni cha maendeleo au cha tabianchi. Tofauti iko kwenye usanifu na sababu, na hapo andiko lenu lilijifunga lenyewe.

Niruhusu nilifungue mbele yako. Kurasa 11 za kwanza zinaeleza joto la dunia, barafu ya ncha za dunia na mikutano ya kimataifa. Jina la kijiji chenu linaonekana kwa mara ya kwanza ukurasa wa 12. Kisha ukurasa wa 19 mnasema mnahitaji "daraja la kudumu la zege". Urefu gani kutoka kwenye maji? Haumo. Mafuriko matatu yaliyosomba daraja yalifika wapi? Haimo. Msomaji wa kamati, mwenye maandiko 80 mezani na chai iliyopoa, anaona daraja la kawaida lililovikwa joho la tabianchi.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kukagua ombi la kijiji kingine, nacho cha kando ya mto. Andiko lao lilikuwa na kurasa sita, lugha yake ya kawaida kabisa. Mama mmoja alinipeleka nyumbani kwake akanionyesha mwimo wa mlango. Kila mafuriko yalipotoka, mumewe alikuwa akigongomea msumari pale maji yalipofika, na mwaka akauchora pembeni kwa kisu. Misumari saba. Mitano ya kwanza ilikuwa usawa wa goti, imetawanyika katika miaka mingi. Miwili ya mwisho ilikuwa kifuani, tena miaka yake ilikaribiana. Mhandisi aliyekuwa nami alitoa futi yake, akapima mmoja mmoja, akaandika. Kimo cha daraja lao kilitokana na mwimo ule: msumari wa juu kabisa, akaongeza nafasi ya magogo na takataka zinazoelea. Hakuna aliyewauliza tena kama mradi ni wa tabianchi.

Nanyi mna misumari yenu, hamjaigongomea tu. Ulizeni wazee maji yalifika wapi kila mara daraja lilipoondoka. Mti gani, ngazi ya ngapi ya mlango wa shule. Pimeni. Tafuteni takwimu za mvua za kituo cha hali ya hewa kilicho karibu, mziweke kando ya kumbukumbu hizo. Kisha semeni hivi: daraja la kawaida lingekuwa la kimo hiki na lingegharimu kiasi hiki; kwa mafuriko tunayoyaona sasa linahitaji kuinuliwa kiasi hiki, kingo ziimarishwe, na gharama ya ziada ni hii. Ile ziada ndiyo lugha ambayo mifuko mingi inaielewa. Serikali ya mtaa inalipia daraja, pesa za tabianchi zinalipia kimo.

Visima ni habari nyingine, na hapa itabidi niwe mkweli kuliko mnavyotaka. Mmeandika kwamba chumvi inatokana na kupanda kwa kina cha bahari. Inawezekana. Inawezekana pia kwamba ni pampu. Chini ya ardhi ya pwani, maji baridi huelea juu ya maji ya bahari kwa sababu ni mepesi kidogo. Kanuni ya zamani ya wanajiolojia inasema kwamba kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inashikiliwa na takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Igeuze: mkivuta maji hadi yashuke mita moja, mpaka wa maji ya chumvi unaweza kupanda mita 40. Ukichimba kirefu zaidi kwa kudhani utayakimbia maji ya chumvi, unayafuata. Andiko lenu linaomba visima viwili virefu vyenye pampu kubwa zaidi. Mfuko ukiwapa hivyo, ndani ya misimu michache mnaweza kubaki na visima vinne vya chumvi badala ya viwili. Kitaalamu tunaita hali hii kuhimili kunakoharibu, na si jambo geni: ukuta wa bahari unaolinda ufukwe huu na kuula ule wa jirani, kisima kipya malishoni kinachokusanya mifugo yote mahali pamoja mpaka nyasi zinaisha. Kabla ya kuomba chochote kuhusu maji, pimeni chumvi ya kila kisima mara moja kwa mwezi, andikeni na kiasi kinachovutwa. Kuvuna maji ya mvua kwenye mapaa, au kuvuta kidogo kidogo kwenye visima vingi vifupi vilivyo mbali na bahari, huenda ndilo jibu. Huenda. Mtu mwenye vifaa aje aone.

Kuna kitu hakimo kabisa kwenye kurasa 40, na kingekuwa rahisi kuliko vyote: tahadhari. Mwaka 1970 kimbunga kilichopiga nchi ambayo leo ni Bangladesh kiliua watu wasiopungua 300,000. Kuanzia 1972 nchi hiyo ikajenga mtandao wa watu wa kujitolea wenye bendera, redio na vipaza sauti, pamoja na majengo ya kukimbilia. Kimbunga Sidr cha 2007 nacho kilikuwa kikali sana. Waliokufa walihesabiwa kwa maelfu, si kwa malaki. Mto wenu una vijiji juu yake. Maji yanayowasomba ninyi yamepita kwao saa kadhaa kabla. Watu wawili wenye simu kule juu, nguzo iliyopakwa rangi pale mtoni kuonyesha kina, na makubaliano ya nani anapiga kengele: hayo hayasubiri mfuko wowote, na yakiwa tayari yanafanya kazi siku mnapoomba daraja, yanazungumza kuliko barua za utambulisho.

Sasa njia zenyewe, jinsi ninavyozipima. Ya karibu zaidi kwa kikundi cha ukubwa wenu ni Programu ya Ruzuku Ndogo ya GEF, yaani Mfuko wa Mazingira wa Dunia, inayoendeshwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, tangu 1992. Hiyo inapokea vikundi vya jamii moja kwa moja, na kwa miaka mingi kikomo cha ruzuku moja kilikuwa dola 50,000. Inafaa kwa mikoko, kuvuna mvua na mfumo wa tahadhari. Udhaifu wake ni kwamba ni ya mara moja: pesa zikiisha, pampu ikikatika pete ya mpira, hakuna wa kuinunua. Kwa daraja, nendeni kwenye serikali yenu ya mtaa, na mwende mapema kuliko mnavyofikiri. Kuna msimu wa kupanga na msimu wa kupitisha; anayefika bajeti ikiwa imeshapigwa muhuri anaambiwa "tumepokea", neno ambalo halina maana yoyote. Mradi wenu uingie kwenye mpango wa eneo, kwa jina na namba, kwa sababu mfadhili akija na pesa za tabianchi swali lake la kwanza kwa halmashauri huwa ni nini kilichomo kwenye mpango.

Njia ya tatu ni kujifunga na shirika lenye uwezo wa kupokea fedha. Ni ya haraka, na wakati mwingine ndiyo pekee. Lakini kubalianeni kwa maandishi nani anaamua, nani anashika akaunti, na gharama zao za uendeshaji ni asilimia ngapi. Nimeona kijiji kikiwa "mshirika" katika mradi ambao walichokiona ni fulana na warsha mbili. Na kama umesikia kuhusu Mfuko wa Hasara na Madhara uliokubaliwa kwenye mkutano wa tabianchi wa Sharm el-Sheikh, Misri, mwaka 2022, jueni kwamba huo ni wa kusaidia baada ya madhara kutokea, nao unaanzia kwenye ngazi ya nchi. Hauwezi kuwalipa leo madaraja matatu yaliyoondoka.

Njia yoyote mtakayoshika, kuna mambo manne yatakayoulizwa, na hakuna hata moja linalohusu hali ya hewa. Usajili halali. Akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja. Mihtasari ya vikao iliyosainiwa, inayoonyesha nani alipinga nini, maana mihtasari ambayo kila mtu anakubali kila kitu hainishawishi. Na barua ya ardhi: ng'ambo ya daraja ni shamba la nani, na amekubali? Hilo la mwisho limeua miradi mingi kuliko ukame. Ongezeni ukurasa mmoja wa matengenezo: nani atafanya, kwa pesa kutoka wapi. Mifuko mingi hulipia kujenga na huona haya kulipia kutunza.

Turudi kwa mshauri. Mifuko niliyoitaja haitozi kikundi cha jamii ada ya kupokea andiko, na hakuna "njia zake" inayozunguka mamlaka ya taifa iliyoteuliwa. Anayedai asilimia ya pesa ambazo hazijapatikana, tena kabla, ni kishoka hata akivaa tai. Isitoshe, gharama zilizotumika kabla ya mkataba kwa kawaida hazirudishwi, kwa hiyo mngekuwa mmezika pesa za wanachama. Hii haina maana kila mshauri ni tapeli. Mpima ardhi anayelipwa kiasi kilichotajwa kwa kazi iliyotajwa, au mhandisi anayechora na kuweka sahihi yake, hao wanafaa. Mwombeni huyo bwana barua yenye jina la taasisi iliyomtuma. Nadhani hamtamwona tena. Akitaja jina la afisa wa serikali kwamba naye "ana fungu lake", pelekeni habari hiyo kwenye chombo cha kupambana na rushwa. Na pale ambapo pesa za Mfuko wa Kijani zimeshaingia kwenye mradi wa eneo lenu na mnaona zinaliwa, mfuko huo una kitengo huru cha uadilifu kinachopokea malalamiko kutoka kwa mtu yeyote. Hiyo ni barua pepe moja kwenda Songdo ambayo ina mahali pa kutua.

Mambo machache msiyamalize kwa maandishi na mimi. Daraja linahitaji mhandisi afike mtoni, aone mwamba uko wapi na mkondo unahamia upande gani. Msijenge kwa mchoro wa kuazima. Visima vinahitaji fundi wa maji mwenye kipimo. Kwenye andiko mmetaja pia nyumba tisa ambazo ukingo umeshazifikia mita chache kutoka ukutani. Hizo hazisubiri ruzuku ya aina yoyote. Nendeni wiki hii kwenye ofisi ya maafa ya eneo lenu, mkiwa na majina na picha, mzungumze kuhusu kuwahamisha watu hao kabla ya mvua.

Andiko lenu msilitupe. Ukurasa wa 31 kuna jedwali lililochorwa kwa mkono, linaonyesha siku ambazo watoto hawakuvuka kwenda shule tangu daraja la tatu liondoke, mwezi kwa mwezi. Sijui nani alilichora, lakini ndiye awe mwandishi wenu. Liwekeni ukurasa wa kwanza, chini yake vimo vya maji mtakavyovipima, kisha mchoro wa mhandisi, kisha gharama. Zikizidi kurasa saba, punguzeni, halafu nitumieni nizisome kabla hamjazipeleka halmashauri.